Mchoma Bambo wa Mkumbara na Magunia ya Mkwewe

Saa mbili kasorobo asubuhi. Lori la tani saba limesimama mbele ya kamba ya kituo cha kukagua mazao cha Mkumbara, injini bado inanguruma, na Sadala Mdoe amejilaza juu ya shehena, sikio kwenye gunia.

Halali usingizi. Anasikiliza. Amefumba macho, ameziba sikio la pili kwa kidole, na sasa anamfokea dereva azime injini. Dereva anazima huku akinung'unika. Abiria wanane waliokaa juu ya magunia nao wananyamaza, hata mama mwenye kuku anambana mdomo kuku wake.

"Wadudu wakiwa wanatafuna utawasikia," anasema Sadala akihamia gunia la pili. "Kwaru, kwaru, kwaru. Ukishamsikia mara moja humsahau."

Kisha anachomoa bambo. Ni chuma chembamba chenye ncha, kimetobolewa mfereji katikati. Ukilichoma gunia, punje zinateremka zenyewe mpaka kiganjani. Sadala anazitawanya, anazigeuza kwa kidole gumba, anang'ata moja kupima ukavu na kuitema. Halafu anapuliza kiganja na kukitazama tena. Mahindi mazima, anasema, hayaachi unga mkononi.

Magunia ni thelathini na mawili. Dereva anaona siku yake inaliwa.

"Mpaka wamefungua kule Holili," analalamika, "nyie mnaufunga tena hapa Mkumbara. Sasa tofauti iko wapi?"

"Tofauti ni kwamba wewe unapita," Sadala anamjibu bila kumtazama. "Mgeni mimi namkaribisha mpaka ndani, na chai nampa. Ila viatu avue mlangoni."

Abiria wanacheka, na mwandishi wa makala haya alicheka pia, akadhani amekutana na mtu anayejiamini. Baada ya siku tatu kituoni hapo aliona alikosea. Sadala Mdoe, mwenye umri wa miaka arobaini na saba, ndiye mtu mwenye wasiwasi kuliko wote katika barabara ya Tanga kwenda Moshi. Kila lori linapochomoza kutoka upande wa Mkomazi, anatazama kwanza watu waliokaa juu, ndipo anatazama magunia. Anamtafuta mama mkwe wake.

"Bado hajaja tu?" anauliza Nasieku, mama wa Kimaasai anayeuza maziwa kando ya kituo. "Na akija leo, baba Mdoe, utakimbilia tena kwenye mkonge?"

Ernesti, kijana wa kituo anayeshusha na kupandisha kamba, anaangua kicheko. Sadala hacheki. Anafuta bambo lake kwa kitambaa, ingawa ni safi.

Kituo chenyewe ni kibanda cha bati, meza moja, na kamba nene ya katani iliyonyoshwa kukatiza barabara. Kilianza kazi mwanzoni mwa mwaka jana, miezi michache baada ya mpaka wetu na Kenya kufunguliwa. Ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na kwa karibu miaka saba hiyo aliyekuwa na dada ng'ambo alikaa bila dada. Ulipofunguliwa watu walishangilia, na walikuwa na haki. Mtu aliyewahi kufua kwa majani ya mpapai anajua kipande cha sabuni ni kitu gani.

Lakini pamoja na sabuni, mafuta ya kupikia na shuka za Wamaasai, kuna mwingine naye hupanda lori bila nauli. Ni dumuzi, mdudu mweusi mdogo kuliko punje ya mchele, anayetoboa hindi hadi likabaki ganda na vumbi. Ng'ambo wanasema alitoka kwetu. Kwetu tunasema alitoka ng'ambo. Sadala hataki kuingia katika ubishi huo.

"Dumuzi hana pasipoti," anasema. "Wao wanakagua yetu, sisi tunakagua yao, basi, tunafanya biashara kama watu wenye akili. Kosa si kufungua mpaka. Kosa ni mtu kama mimi."

Aliyasema maneno hayo ya mwisho kwa sauti ya chini, siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye benchi la kibanda. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaendelea.

Sadala ni mzaliwa wa Mazingara, Handeni. Alifanya kazi ya mizani katika mashamba ya mkonge ya Korogwe kwa miaka kumi na tatu, akapelekwa kwenye mafunzo ya ukaguzi wa mazao kwa miezi mitatu, akarudi na bambo na daftari la vibali. Mshahara wake ni shilingi elfu moja na themanini kwa mwezi. Mkewe, Fatu, anatoka Mazingara pia, na mama yake Fatu ni Bi Hajira, mjane mwenye shamba la ekari nne katika kijiji cha ujamaa walikohamishiwa mwaka sabini na nne.

Kwa Wazigua wa rika la Sadala, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Akimwona njiani, anaacha njia, anaingia kichakani na kugeuza mgongo mpaka apite. Hamshiki mkono, hagusi mzigo wake, wala hakai alipokaa. Wakiwa na neno la kuambiana, hutafutwa mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima, na Sadala ameishika tangu alipooa, miaka ishirini na miwili iliyopita.

Mwezi wa Julai mwaka jana Bi Hajira alikwenda Taveta kumwona dada yake, Swaumu, aliyeolewa kule tangu ujana wao. Hawakuwa wameonana kwa miaka minane. Alikaa wiki tatu. Wakati wa kurudi dada alimfungia magunia matatu ya mahindi kutoka shambani kwake, meupe, ya punje kubwa. Mdogo wako uliyemkosa miaka minane humrudishi mikono mitupu.

Lori lililomleta lilisimama Mkumbara saa nne asubuhi. Ernesti siku hiyo alikuwa hospitali Mombo na homa ya malaria. Sadala alikuwa peke yake. Alichukua bambo, akalizunguka lori, akainua kichwa. Bi Hajira alikuwa amekaa juu ya magunia yake matatu, kanga ya kijani ameitanda kichwani.

"Miguu ilinitoka yenyewe," anasema Sadala. "Nilishuka bondeni hadi kwenye mkonge, nikageuza mgongo. Nikampungia dereva mkono: pita, pita! Sasa ningefanyaje? Nipande nimlalie mkwe wangu miguuni, eti nasikiliza gunia alilokalia? Nilichome chuma naye yuko juu? Wallahi, hata leo nikifikiri mwili unasisimka."

Utingo akashusha kamba mwenyewe, lori likapita. Kibali akakijaza baadaye: magunia matatu, safi.

Alipofika Mazingara, Bi Hajira alifanya kama mtu yeyote mwenye moyo angefanya. Aligawa. Kila nyumba jirani ilipata kibaba cha mahindi ya Taveta, kwa mbegu au kwa kuonja, nyumba kumi na nne kwa jumla. Yaliyobaki aliyachanganya na mavuno yake mwenyewe, magunia kumi na sita, juu ya dari la jiko ambako moshi hukinga nafaka isiliwe na fukusi. Moshi huo umewalinda wazee wao miaka yote. Dumuzi hakuujali.

Mwezi wa Novemba Fatu alikwenda kumsalimia mama yake. Alirudi Mkumbara baada ya siku mbili, hakuweka hata mzigo chini. Alimpa mumewe kiberiti.

"Nikakifungua nikijua ni njiti," anasema Sadala. "Wakatoka watatu, wakatembea mkononi mwangu."

Fatu alimuuliza swali moja tu: yale magunia ya mama, uliyachoma? Sadala akamwambia ukweli. Fatu hakupiga kelele. Alikwenda kupika.

"Ningemtukana nini?" Fatu alimwambia mwandishi huyu nyumbani kwao, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo, huku akipepeta uwele. "Mume wangu angekuwa hana adabu, mama yangu angekuwa na chakula. Sasa nimlaumu kwa adabu aliyonayo? Naye mama nimlaumu kwa kugawa? Nilikosa wa kumlaumu, ndugu mwandishi, nikabaki na hasira zangu mwenyewe. Mpaka leo ninazo."

Katika magunia karibu kumi na tisa ya Bi Hajira, yaliyofaa kuliwa na binadamu hayakufika manne. Nyumba zote kumi na nne ziliathirika, na kutoka hizo dumuzi akaenda kwingine. Kufikia Februari watu wa upande huo walikuwa porini wakichimba ndiga. Ndiga ni kiazi cha mwituni chenye sumu. Lazima ukikate, ukiloweke siku tatu au nne kwenye maji yanayotiririka. Wakati huo mto ulikuwa madimbwi tu, na mwenye njaa hesabu ya siku humpotea. Mke wa Mzee Mhina, jirani yake Bi Hajira, aliloweka siku mbili, akala. Walimzika kesho yake.

Baada ya siku zake tatu za kituoni, mwandishi alimfuata Mzee Mhina Mazingara. Ni mtu mrefu, mkimya, anasuka kamba kutwa nzima. Alipoulizwa kama ana kinyongo na Sadala, alishangaa.

"Kinyongo cha nini? Alimheshimu mkwewe. Hata mimi ningegeuka." Alisuka kidogo, kisha akaongeza, "Ila mwambie asiache kuja. Tangu msiba hajakanyaga hapa. Wasiokuja ndio tunaowasema."

Sadala alipofikishiwa salamu hizo, mwandishi akipita tena Mkumbara, alifunika uso kwa mikono yote miwili.

"Hakuna aliyenilaumu," alisema. "Ndilo linalonimaliza. Nilikwenda mwenyewe Korogwe kwa mkubwa wangu, nikamweleza, nikategemea anifukuze. Akacheka! Akaniambia kumwogopa mkwe si sababu ya kiserikali, akanipa barua ya onyo, akaniagizia soda. Mtu amekufa, ninakunywa soda."

Tangu hapo hajaacha gunia hata moja. Amekagua mahindi ya mwenyekiti wa kijiji, ya shehe wake, ya mjomba wake. Wenye magari wanamwita mnoko. Ametia moto magunia arobaini na moja katika shimo nyuma ya kibanda, na kila mara anasimama hadi majivu yapoe, asije mtu akachakura.

Wiki tatu kabla ya mwandishi kufika, habari zilikuja kutoka Taveta: Swaumu amefariki. Bi Hajira aliomba nauli kwa watoto wake, akapanda gari. Alipita Mkumbara akienda, usiku, Sadala hakumwona. Sasa arobaini ya marehemu bado, lakini mvua za Mazingara zimeshaanza kunyesha na shamba halimngoji mtu. Atarudi wiki hii, na hatarudi mikono mitupu. Mtu hatoki msibani kwa dada yake bila kitu cha dada yake.

Ernesti alijitolea. "Baba Mdoe, siku hiyo mimi nitachoma, wewe kaa kwa mama Nasieku unywe maziwa."

"Utachoma, lakini utasikia nini?" Sadala alimjibu. "Masikio yako ya muziki. Na kibali nasaini mimi. Hapana."

"Basi utafanyaje?"

"Sijui. Mungu anajua. Mimi sijui."

Siku ya tatu, saa tano na robo, lori la bluu lilitokea upande wa Mkomazi. Sadala aliinua kichwa, na mwandishi hakuhitaji kuambiwa. Juu ya vitunguu na majembe mapya, amekaa mama mwembamba mwenye kanga nyeusi ya msiba. Mbele yake kuna nusu gunia, amelishika kwa mikono yote miwili.

Sadala aligeuza mgongo pale pale. Lakini hakukimbia. Alisimama katikati ya barabara, uso kwenye milima ya Usambara, bambo mkononi. Nasieku aliacha kuuza. Hakuna aliyemtania.

Ernesti alishika ngazi ya lori. "Shikamoo, bibi. Naomba nikukagulie mzigo."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Hajira. "Wewe hapana. Mwambie huyo aliyesimama pale afanye kazi yake."

Alishuka mwenyewe, ngazi kwa ngazi, akakataa mkono wa Ernesti. Akaomba nusu gunia lake literemshwe na kuwekwa chini, kando ya barabara. Kisha akapiga hatua saba au nane mbali nalo, akageuza mgongo naye, akajitanda kanga hadi machoni.

"Mwambie," akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "mimi sijalikalia. Nimekuja nimekaa kwenye majembe kutoka Holili hadi hapa, mbavu zinaniuma. Nimelitenga ili alishike. Mwambie mwaka jana alinipa heshima, nami nikaichukua nikaenda nayo nyumbani, na kilichotokea anakijua. Sasa heshima ninayoitaka ni kwamba akague."

Ernesti alimgeukia Sadala kumfikishia ujumbe, kama desturi inavyotaka, ingawa Sadala alikuwa amesikia kila neno. Kijana alirudia yote, hadi mbavu. Hakuna aliyecheka.

Sadala aligeuka. Alitembea macho chini hadi kwenye gunia, akapiga magoti, akaweka sikio. Watu juu ya lori walinyamaza. Dereva alizima injini bila kuambiwa.

Alisikiliza kwa muda mrefu kupita kawaida yake. Akachoma bambo, mara moja, mara mbili, mara tatu. Akapuliza kiganja.

"Muulize," alisema Bi Hajira, mgongo bado umegeuka. "Wamo?"

Unga mweupe ulikuwa umebaki katika mistari ya kiganja cha Sadala.

"Mwambie asinifiche. Ni mahindi ya mwisho aliyolima dada yangu kwa mkono wake. Wamo, hawamo?"

"Mwambie wamo," alisema Sadala. "Mwambie naomba radhi. Mwambie wamo."

Bi Hajira alitikisa kichwa taratibu. Akamwambia Ernesti alibebe. Walikwenda nyuma ya kibanda, kijana mbele na gunia, Sadala akimfuata kwa mbali, na yule mama upande wa pili akizunguka ili wasikutane. Gunia likatiwa shimoni. Sadala akamwaga mafuta ya taa, akawasha. Mahindi yalianza kupasuka, yakanukia vizuri, harufu ya bisi za watoto, na hilo lilikuwa gumu kulivumilia kuliko moshi.

Hapo Bi Hajira alifanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alishika pindo la kanga yake ya ndani, akafungua fundo. Zilikuwa punje za mbegu, kiasi cha kujaza viganja viwili. Hakuna aliyejua kama anazo. Wala hakuna mkaguzi duniani, wa Kizigua au wa Kizungu, ambaye angethubutu kumfungua mama mkwe pindo la kanga.

"Na hizi," alisema, akazitupa motoni. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu ashuke, akimwita dada yake kwa jina. Sadala naye alilia, upande wake wa shimo, wamepeana migongo.

Lori lilipoondoka lilikuwa limechelewa saa mbili. Dereva, mwingine si yule wa juzi, hakudai lolote. Alimpisha Bi Hajira kiti cha mbele.

Jioni Sadala alimwonyesha mwandishi kitu nyuma ya nyumba yake. Ni beberu mweusi mwenye baka jeupe shingoni, amefungwa kwenye mti wa mchongoma, amenenepa. Fatu anamlisha maganda.

Katika ukoo wa Bi Hajira, Sadala alieleza, mkwe anaweza kupeleka mbuzi. Wazee hukaa, mbuzi huchinjwa, na tangu siku hiyo wawili hao wanaruhusiwa kutazamana na kusemeshana. Wengine hupeleka mapema. Yeye alisema atapeleka wakipata mtoto wa kwanza. Kisha ikaja kuhamia vijijini, kisha kazi, kisha njaa. Miaka ikaenda, na kukimbilia vichakani kukawa rahisi kuliko kutafuta mbuzi.

Huyu amemnunua Januari. Amepanga kumpeleka baada ya Idi, apitie kwanza kwa Mzee Mhina, kisha kwenye kaburi la mke wa mzee huyo, ndipo aende kwa Bi Hajira. Ameomba likizo ya siku nne na amepewa. Ernesti atashika kamba, na mkaguzi wa muda atatoka Korogwe.

Mwandishi alimuuliza: siku hiyo wakikaa uso kwa uso, atamwambia nini? Atamweleza habari za lile lori la mwaka jana? Ataomba radhi tena?

Sadala alimkuna beberu kati ya pembe.

"Yote hayo baadaye," alisema. "Nitaanza na shikamoo. Miaka ishirini na miwili, ndugu yangu, na binti yake amenizalia watoto watano. Sijawahi kumwambia shikamoo."